Uzi wa Akiba

Zilikuwa mbili, za mfumaji mmoja,
rangi ya zafarani iliyokaa majini usiku kucha,
sufu ya mbuzi wa Changthang, huko juu Ladakh,
iliyochanwa tumboni kwa kitana baridi ilipolegea,
mbuzi akilalamika kama mtoto anayesukwa.

Ya mama yangu ikaenda sandukuni.
Ya mama mdogo Taja ikaenda mabegani.

"Akiba haiozi," mama alisema,
akafunga kufuli, akaning'iniza ufunguo shingoni
karibu na hirizi.

Mama mdogo hakuwa na kufuli. Alikuwa na karai.
Kila mwisho wa baridi, uani kwetu Rainawari,
aliniita nimshikie maji:
vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa na mgeni.
Povu la kokwa za ritha, si la sabuni ya unga.
"Ichachage. Usiifikiche. Imekukosea nini?
Usiisokote hata ikitiririka.
Na usiinyanyue kwa ncha, imebeba maji, itarefuka;
ipakate, kama unavyompakata mtoto wa siku saba."
Akaiviringisha katika taulo, akaibonyeza kwa viganja
kama anayepima homa,
kisha ikalala chali mkekani, kivulini.
Jua la Srinagar lina mkono mrefu, alisema. Huiba rangi
na mwenyewe hutambui mpaka siku ya harusi ya watu.

Nilijifunza na mengine, bila mpangilio:
vua pete kwanza.
Marashi yatangulie, yakauke, ndipo shali.
Isitundikwe msumarini; bega lake ni wewe.
Ikunje leo hapa, mwezi ujao kwingine,
kwa sababu kitambaa nacho huchoka kuinamia upande mmoja.
Bafta safi, majani makavu ya mwarobaini
ambayo binamu Ishfaq alituletea kutoka Jammu ndani ya gazeti.
Na kangri, kile kikapu cha makaa tunachokikumbatia chini ya joho,
kangri na shali wasilale kitanda kimoja.

Walilala. Matundu tisa kwa miaka thelathini.
Yote tisa aliyatililia mzee Ahad, nyuma ya tanuri la mikate,
akichomoa uzi kwenye pindo la shali yenyewe,
miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Siku moja nilimwuliza la tano liko wapi.
Akatafuta. Akaigeuza. Akacheka kwa hasira:
"Nimejificha mwenyewe."

Wiki mbili kabla ya ndoa yangu mama alivua ufunguo.
Sandukuni mlinuka dawa ya nondo iliyokwisha nguvu.
Akaiinua mbele ya dirisha
na dirisha likapenya.
Mwanga wa theluji ukatudondokea usoni vitone vitone,
na penye kunjo,
kunjo lilelile, miaka thelathini,
ikakatika mikononi kama biskuti.

Haikuoza, kweli. Ililiwa.

Mama alikaa kitako juu ya sanduku.
Mama mdogo alitaka kusema, akameza,
akaenda kuchemsha chai ya chumvi.

Ahad aliipima kwa vidole. "Kuitililia hii
ningeomba umri mwingine. Ila uzi wake bado u mzima
huku pembeni. Rangi ileile, mbuzi walewale."
Tukaufumua jioni tatu, mama akishika, mimi nikizungushia
kopo tupu la majani ya chai.
Jioni ya tatu mama alianza kunihadithia
siku waliyozinunua, na nani aligombania ipi.

Tundu la kumi nimelitoboa mimi, mwezi jana. Kaa dogo tu.
Ahad amekufa; mwanawe ndiye aliyeliziba,
kwa uzi wa mama, na ukitazama sana utaliona.

Shali si yangu. Nimeazimwa.
Kila theluji ya kwanza mama mdogo hupiga simu.
Haulizi iko wapi.
Huuliza: "Umeivaa?"